Dereva wa Rumonge hachoshwi na kilomita

Gari likipinduka kati ya Bujumbura na Rumonge, mazungumzo ya kituoni hufuata mkondo uleule. Mmoja atasema dereva alikuwa anakimbia. Mwingine ataitaja barabara. Wa tatu atasema siku yao ilifika, na hapo watu watanyamaza kwa kuwaheshimu marehemu. Usingizi hutajwa kwa nadra, na anayeutaja hujibiwa haraka: njia yenyewe fupi, atasinziaje? Si alikuwa amekaa kituoni mchana kutwa? Na yule ni mzee wa kazi, barabara ile anaijua kuliko chumba chake. Majibu hayo nimeyasikia kwa wenye magari, kwa abiria, na kwa madereva wenyewe. Nataka kuyajibu moja baada ya jingine, kwa sababu naamini kabisa kwamba yanaua watu.

Nianze na hilo la njia fupi, maana ndilo linaloaminiwa zaidi. Ni kweli, kutoka Bujumbura kupitia Kabezi, Gitaza, Magara na Minago mpaka Rumonge ni kama kilomita 75. Hata ukiendelea hadi Nyanza-Lac, hiyo si safari ya Dar es Salaam kwenda Mwanza. Lakini dereva wa Hiace au Probox haendi mara moja akalala. Chukua siku moja ya kazi. Dereva aliye wa kwanza kwenye zamu anaamka saa tisa usiku, kwa sababu kuna abiria wanaotaka kuwa Bujumbura ofisi zikifunguliwa. Akirudi anawakuta wauza samaki, ambao mitumbwi yao imerudi alfajiri na ndagala hawasubiri jua. Anapanda tena mjini. Mchana anangoja zamu, anashuka, na jioni kukiwa na abiria anafunga safari nyingine. Akishamaliza anaosha gari, anahesabu pesa na konda, anapeleka ya tajiri mwenye gari, anakula. Inagonga saa tano usiku. Ukijumlisha muda alioshika usukani hutashtuka. Ila jumlisha saa alizokuwa macho: ni 20, na kabla ya kuamka tena zimebaki nne.

Huo ndio urefu wa kupimwa. Mwaka 1997, watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kila mwenye gari angepaswa kuyajua: mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya mikono na macho vibaya sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza nacho kuendesha. Akifika saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Dereva wetu aliyeamka saa tisa usiku anatimiza saa zake 17 saa mbili usiku. Ukipanda gari lake la mwisho muda huo, umepanda gari la mlevi ambaye hajagusa chupa, na hakuna askari atakayemsimamisha.

Anayedhani haya ni mambo ya maroli ya masafa aangalie London. Mabasi ya jiji lile yanazunguka mitaani, njia zake nyingi ni fupi kuliko hata Bujumbura na Magara. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Loughborough, pamoja na taasisi ya utafiti wa barabara ya Sweden, kilitoa ripoti kuhusu uchovu wa madereva wake. Dereva mmoja kati ya watano alisema anapambana na usingizi kwenye usukani angalau mara mbili au tatu kwa wiki. Asilimia 17 walisema walishawahi kupitiwa kabisa na usingizi wakiendesha ndani ya mwaka uliotangulia. Hao wana mishahara, wana ratiba iliyoandikwa, wana barabara yenye taa. Zamu zinazoanza alfajiri, zamu zinazobadilika ovyo na mapumziko yasiyotosha ndivyo vilivyowafikisha hapo.

Sheria nazo huingia katika kosa hilihili. Umoja wa Ulaya una kanuni kali ya mwaka 2006: ukiendesha saa nne na nusu, lazima upumzike dakika 45. Lakini basi la abiria lenye njia ya kudumu isiyozidi kilomita 50 limeachwa nje ya kanuni hiyo, kana kwamba kurudia kilomita 40 mara sita ni kitu kingine na kuendesha 240.

Sasa jibu la pili: "Dereva anapumzika kituoni akingoja zamu." Hili linaniuma zaidi kuliko mengine, maana linasemwa na watu wanaoiona kazi hiyo kwa macho yao kila siku. Simama kituoni Rumonge saa sita mchana umwangalie huyo anayepumzika. Anabishana na mama mwenye bidoni nne za mawese kuhusu nauli ya mzigo. Anapanda juu ya gari kufunga kamba, kwa sababu konda akifunga vibaya na bidoni likavuja kwenye nguo za abiria, atakayelipa ni yeye. Anachungulia tairi. Anapokea simu ya tajiri anayetaka kujua amefikia wapi. Akikaa, anakaa kwenye kiti chake ndani ya bati lililowaka jua, mlango wazi, sikio likiwa nje, maana akipitwa na zamu amepoteza safari.

Ongeza foleni ya mafuta. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imekaa na uhaba ambao umewafanya madereva wa usafiri wa umma kulala kwenye vituo vya mafuta. Nasema kulala kwa kuwa ndivyo wanavyosema wao. Kiti kimelazwa nyuma kidogo, ufunguo mkononi, kioo kimeshushwa kidogo kwa ajili ya hewa na mbu wanaingia hapohapo. Kila baada ya muda mtu anagonga bodi: sogea. Wanashuka kulisukuma gari mita chache ili wasiwashe injini wakachoma tone lililobaki. Usiku wa namna hiyo mtu anaweza kufumba macho mara kumi na asilale hata mara moja. Asubuhi akipata lita zake anaambiwa ana bahati, aende akabebe abiria.

Kungoja kunaweza kugeuzwa kuwa pumziko, sikatai. Dakika 20 za usingizi wa kweli zinarudisha akili kwa kiasi ambacho aliyewahi kuzijaribu hawezi kubisha. Lakini zinahitaji vitu viwili ambavyo vituo vyetu havina: mahali penye kivuli pa kulaza mgongo, na mtu mwingine wa kupakia, kufunga mizigo na kulinda zamu kwa niaba ya dereva. Mkeka chini ya mwembe unatosha. Havihitaji mfadhili.

Kuhusu kahawa, muziki wa nguvu, kioo wazi na maji ya uso: dawa hizi kila dereva anazo, na mbili za mwisho ni bure. Reyner na Horne, watafiti waliokuwa Loughborough hukohuko, waliwajaribu madereva wenye usingizi katika miaka ya 1990. Hewa ya baridi usoni na redio vilisaidia kidogo tu, tena kwa muda mfupi, halafu usingizi ukarudi. Kilichosaidia kweli ni kahawa, na usingizi mfupi usiofika dakika 20. Kahawa yenyewe huchukua kama nusu saa kuingia mwilini, kwa hiyo anayeinywa huku akikanyaga mafuta atakuwa amepita Gitaza kabla haijamfaa. Njia sahihi ni kusimamisha gari, kunywa, kufumba macho robo saa, kisha kuondoka. Hapa abiria wenzangu tujiulize. Dereva akisimama Minago akasema ndugu zangu nipeni robo saa nijinyooshe, tunamfanyia nini? Tunapiga kelele, tunampigia simu tajiri, wengine wanadai nauli yao. Kisha tunashangaa anaposhusha kioo na kufungulia muziki.

Kwa jibu la tatu, la uzoefu, nisitumie maneno mengi. Usingizi hauulizi leseni ni ya mwaka gani. Anayeijua barabara sana ndiye anayeweza kuiendesha macho yakiwa wazi na akili imezima, kwa sababu mikono imeshazoea kona. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Akipotea sekunde tatu, amekwenda mita 50 bila dereva. Kwenye barabara ile, ndani ya mita 50 kuna watoto wa shule, baiskeli iliyobeba mikungu ya michikichi, na mtu aliyeanika ndagala ukingoni.

Kuna wanaosema chanzo ni mwendo kasi na barabara mbovu, tuache hadithi za usingizi. Hawa wana nusu ya haki. Ziwa Tanganyika limepanda miaka ya karibuni, na kufikia 2024 maji yalikuwa yameingia kwenye nyumba za watu ukingoni, hata bandari ya Rumonge ikaguswa. Barabara hii, ya taifa namba 3, imebanwa katikati: huku ziwa linaimega, huku milima ya upande wa Gitaza inaiteremshia matope kila masika. Dereva anayekwepa mashimo na maji anachoka maradufu, na safari iliyokuwa ya saa mbili inarefuka. Lakini tazama hoja inakwenda wapi: barabara mbovu inaongeza saa za kuwa macho. Ubovu na usingizi ni washirika, hamna sababu ya kumtetea mmoja kwa kumtaja mwenzake.

Na barabara ikitengenezwa? Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 fedha za kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, katika mradi mmoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Kila mtu wa pwani hii anaitamani lami safi, nami pia. Ila lami safi inamwondolea dereva aliyechoka kile kilichokuwa kinamshtua, yaani mashimo. Njia ikiwa laini na iliyonyooka, mwendo unapanda na usingizi unamshukia. Na lami haitabadilisha upande wa usukani: magari mengi nchini Burundi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, yana usukani kulia ilhali nchi inaendesha kulia. Kwa hiyo dereva anayeshuka kwenda Rumonge amekaa upande wa ziwa, juu kabisa ya ukingo. Mchana ukigeuka, jua linamjia kutoka magharibi kupitia kioo chake mwenyewe, mara moja kutoka angani na mara ya pili kutoka kwenye maji. Kati ya saa nane na saa kumi mwili wa binadamu hulegea hata kama amelala vizuri. Joto la uwanda huu wa Imbo linamalizia. Na akitaka kulipita roli lililo mbele hawezi kuona kinachokuja. Anamtegemea konda au abiria wa kiti cha kushoto amwambie pita, na konda naye aliamka saa tisa.

Kuna sababu nyingine inayofanya usingizi uonekane haupo: hauachi ushahidi. Pombe ina kipimo, usingizi hauna. Dereva aliyenusurika hawezi kukiri, kwani akikiri amejifunga mwenyewe na kazi imekwisha. Basi inaandikwa mwendo kasi, hata pale gari lilipotoka barabarani taratibu, kwenye njia iliyonyooka, bila alama ya breki na bila kukwepa chochote. Polisi wa usalama barabarani wangeuliza maswali mawili tu katika kila ajali, dereva aliamka saa ngapi na jana alilala saa ngapi, baada ya mwaka mmoja tungekuwa na picha tofauti kabisa.

Nimefika kwenye neno ambalo wenye magari hulisema wakiwa na hakika kabisa: "Dereva mwenyewe hataki kupumzika. Ukimwambia alale, anakataa." Ni kweli, anakataa. Tuangalie kwa nini. Gari ni la tajiri. Kila jioni dereva anapeleka hesabu iliyopangwa, iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo. Mafuta yanatoka kwenye mapato hayohayo, na yakipatikana kwa bidoni la magendo bei yake haina mwenyewe. Konda anataka chake. Kwa siku nyingi safari ya kwanza na ya pili zinaishia kwenye hesabu na mafuta. Chakula cha watoto wa dereva kiko kwenye safari ya tatu. Ukimwambia apumzike, umemwambia aache hiyo ya tatu. Amefanya kazi ya siku nzima kwa ajili ya tajiri na kituo cha mafuta, arudi nyumbani mikono mitupu, halafu tunasema ni mtu asiyependa kupumzika!

Mpango huu si wa Rumonge peke yake. Matteo Rizzo, mtafiti aliyewafuatilia madereva wa daladala Dar es Salaam kwa miaka mingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, alikuta wanafanya kazi kama saa 15 kwa siku, karibu kila siku ya wiki, kwa sababu hiyohiyo ya hesabu. Na madereva wale walipojikusanya kwenye chama chao, moja ya mambo makubwa waliyodai ilikuwa mikataba ya kazi. Mtu asiyetaka kupumzika hadai mkataba.

Tajiri atauliza: nikipunguza hesabu nitakula nini? Wengi wao si matajiri kwa maana ya kweli. Ni mwalimu aliyekopa benki, ni mjane aliyeweka mirathi yote kwenye Probox moja. Nawaelewa. Lakini gari moja likiingia mtaroni, hesabu ya miezi inapotea kwa siku moja, na deni la benki halipinduki nalo. Anayeogopa hasara aanze kuogopa safari ya mwisho ya usiku.

Tena kuna mpango usiopunguza safari hata moja. Gari liwe na madereva wawili: mmoja wa alfajiri hadi saa saba mchana, wa pili kuanzia hapo hadi usiku. Dar wana neno deiwaka kwa dereva wa kushikiza, na Rumonge haikosi vijana wenye leseni wanaokaa kituoni wakisubiri kuitwa. Tatizo ni kwamba deiwaka wa leo huitwa dereva akishachoka kabisa, kama msaada wa dharura, na analipwa kutoka mfukoni mwa dereva. Aitwe kwa ratiba, alipwe na gari. Hapo mapato ya dereva mmoja yatagawanywa kwa wawili, na hili silifichi: bila tajiri kukubali hesabu ndogo kidogo na kumlipa kila dereva kiasi maalumu kwa safari, mpango utakufa wiki ya kwanza. Ndiyo maana nasema uchovu huu ni suala la pesa kabla ya kuwa suala la afya. Foleni ya mafuta nayo apewe mtu mwingine, alipwe na mwenye gari. Dereva wa kesho alale nyumbani kwake, kitandani. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gari.

Mwisho wapo wanaosema serikali itoe sheria kali na faini kubwa. Sheria zinasaidia. Kenya kwa kanuni za 2014 ilikataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Tanzania inataka madereva wawili kwenye basi la safari inayozidi saa nane. Lakini zote mbili zinahesabu saa za usukani au urefu wa safari, na dereva wa Rumonge anapita katikati ya matundu yake: saa zake za usukani zimekatikakatika na hakuna anayezijumlisha, na safari yake ni ya saa mbili. Nayo faini anailipa nani? Akiilipa dereva mfukoni mwake, tumemwongezea safari ya nne.

Kuna daftari moja ambalo tayari lipo. Kila kituo kina mtu anayeandika zamu, gari gani limeingia, lipi linafuata. Aongeze safu moja: saa ambayo dereva aliamka. Na kituo kikubaliane kwamba aliyeamka saa tisa usiku hapewi zamu ya kuondoka baada ya saa kumi na moja jioni. Zamu yake isipotee, apewe mwenzake wa gari hilohilo, na atakayebeba hasara kukiwa hakuna mwenzake awe mwenye gari, si dereva. Wenye magari wa njia hii wanajuana wote kwa majina. Wanaweza kukaa Jumapili moja wakayapanga haya bila kungoja Bujumbura.